Hema la Bichi Halifai Mlimani

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka juzi. Tulikuwa Taita, chini kidogo ya kilele cha Vuria: mimi, mama watoto na watoto wetu watatu. Mvua ilianza kama saa tatu usiku. Haikuwa mvua ya kishindo, ni ile rasharasha ya ukungu isiyokatika. Kufika saa tano maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mishono ya hema, sponji tuliyolalia imelowa upande mmoja, na kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka sita, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikafanya ambalo watu wengi wa huku kwetu wangelifanya. Nikawasha jiko dogo la makaa tulilokuja nalo, nikalipepea nje chini ya mwavuli mpaka makaa yakashika, nikafungua zipu niliingize ndani.

Mjomba wa mke wangu ndiye aliyetuokoa. Anakaa bondeni, mwendo wa nusu saa hivi, na alikuwa ameyatazama mawingu ya jioni akajua hatutalala. Akatokea gizani na tochi, gunia kichwani. "Mkwe," akaniambia, "hilo jiko liache papo hapo lilipo." Hakuongeza neno. Akamfunika mtoto kwa koti lake, akamweka begani, tukashuka sote hadi kwake tukalala chini ya mablanketi.

Asubuhi ndipo aliponieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili. Makaa yanayowaka mahali pasipopita hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aliye usingizini haikohoi wala haimwamshi, analala moja kwa moja. Hema lililofungwa zipu kwa sababu ya mvua ni mahali pabaya kuliko hata chumba, kwa kuwa ni padogo na kitambaa kilicholowa hakipitishi hewa vizuri. Kuacha upenyo mdogo hakutoshi. Kwa hivyo kabla sijasema neno lingine kuhusu mahema: jiko la makaa, la gesi au la mafuta ya taa halilali hemani, hata liwe limefifia.

Lakini nilipokaa na kufikiri, niliona kwamba jiko lilikuwa kosa la pili. Kosa la kwanza nilikuwa nimelifanya wiki mbili kabla, dukani, nilipolichagua lile hema.

Nilikuwa nimelinunua hapa mjini kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye mfuko wake: familia ya watu wanne wanacheka, nyasi kijani, jua. Limeandikwa "watu 4". Bei yake ilinipendeza. Tulilijaribu Jumapili moja ufuoni, watoto wakaingia na kutoka, upepo wa bahari ukapita kwenye neti, tukasema hapa tumepata. Na kweli, kwa bichi lilikuwa hema zuri. Kazi ya hema la bichi ni kukukinga na jua na kukupa faragha ya kubadilisha nguo. Lile la mlimani lina kazi tatu tofauti: kuzuia maji ya juu, kuzuia maji ya chini, na kuwa jepesi kiasi cha kubebwa na mtu ambaye tayari amebeba mtoto. Lile letu halikuweza hata moja kati ya hizo.

Naandika haya kwa sababu naona familia nyingi za hapa Mombasa, Kilifi na Kwale sasa zinaanza kutoka. Treni inakufikisha Voi, matatu inakupandisha Wundanyi, na huko juu kuna milima ambayo wengi wetu tumeiona tu kwa mbali tukipita barabara ya Nairobi. Kasigau iko hapo, mita 1,641. Vuria ni mita 2,208. Tumezoea kudhani hema na shanta ni mambo ya watalii, sisi kazi yetu ni kuwabebea. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Lakini tukienda, twende na kifaa kinachofaa, maana mlima haujui kwamba wewe ni mwenyeji.

Tuanze na baridi, kwa sababu ndiyo inayotuhadaa sisi watu wa joto. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Ukitoka Mombasa usiku wa Agosti wenye nyuzi 22 au 23, hesabu ya haraka inakupa kama nyuzi 10 ukiwa karibu na kilele cha Vuria. Kumi kwa mtu mkavu aliyevaa sweta si kitu. Kumi kwa mtoto aliyelowa ni hatari, kwa sababu nguo mbichi hunyonya joto la mwili haraka mno. Na vile vilima havingoji msimu wa masika ili vinyeshewe. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unabeba unyevu, unavuka nyika kavu yote ya Tsavo, na unapogonga Taita unalazimika kupanda, unapoa na kugeuka ukungu. Ndiyo maana kuna misitu ya kijani kule juu wakati Voi chini ni vumbi. Hema lako litalowa hata usiku usio na mvua.

Sasa, namna ya kulijua hema. Hema la mlimani lina nguo mbili. Ya ndani ni nyepesi, sehemu kubwa neti, yenye sakafu isiyopitisha maji. Ya nje ni kifuniko cha mvua. Kati ya hizo mbili lazima kuwe na nafasi. Lile langu la kwanza lilikuwa na kifuniko kidogo kama kofia ya kibandiko, kimefunika utosi tu, mabega ya hema yako wazi. Hilo ndilo jambo la kwanza kutazama: je, kifuniko kinashuka hadi karibu na ardhi pande zote? Kama hakishuki, hilo ni la bichi. Mrudishie mwenye duka hata akupunguzie nusu ya bei.

Watu huuliza kwa nini nguo mbili, kwa nini usibebe moja tu upunguze uzito. Sababu ni pumzi zetu. Watu watano wakilala wanapumua mvuke usiku kucha, na mvuke ukikuta kitambaa baridi unageuka matone, vile vile kioo cha basi kinavyolia mvua inaponyesha nje na abiria wamefunga madirisha. Kukiwa na nguo mbili, matone hujikusanya chini ya kifuniko cha nje na kuteremka ardhini, ninyi mko upande wa pili wa neti mkiwa wakavu. Kukiwa na moja, yanakudondokea usoni. Asubuhi utaapa kwamba hema linavuja, kumbe ni jasho lenu.

Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa milimita, na hiyo namba huandikwa kwenye kibandiko. Maana yake ni rahisi. Chukua bomba, lisimamishe juu ya kile kitambaa, ulijaze maji. Urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kuuhimili kabla hayajaanza kupenya ndiyo hiyo namba. Milimita 1,500 ni maji ya urefu wa mita moja na nusu. Kwa kifuniko cha juu hiyo inatosha mvua nyingi. Sakafu inahitaji zaidi, 3,000 au kuzidi, na hapa ndipo watu hushangaa: kwani mvua si inatoka juu? Ni kweli, lakini tone la mvua linagonga na kuteleza, ilhali goti lako ukipiga magoti kwenye ardhi iliyolowa linasukuma maji yapenye kwa nguvu ya uzito wako wote. Kibandiko kisichokuwa na namba yoyote, kimeandikwa tu kwamba hema haliingii maji, usikiamini.

Hata kitambaa kikiwa kizuri, sindano imekitoboa. Kila mshono ni mstari wa matundu. Geuza kifuniko utazame upande wa ndani: mishono inapaswa kuwa imezibwa kwa utepe mwembamba unaong'aa. Hema langu la kwanza halikuwa nao, ndiyo sababu maji yaliingia kwa mistari iliyonyooka kama yamepimwa kwa rula. Ukilipenda hema ambalo kasoro yake ni hiyo tu, unaweza kupaka mishono gundi maalumu mwenyewe, jioni mbili za kazi, lakini uliza kwanza kitambaa ni cha aina gani maana gundi ya kitambaa kilichopakwa silikoni ni ya silikoni, na ile nyingine haishiki hapo kabisa.

Fito nazo ni za aina mbili. Zile nene za faiba ni za bei nafuu, ni nzito, na zikivunjika hupasuka kwa urefu na kutoa vijiti vinavyochoma vidole na kutoboa kitambaa. Za alumini ni nyepesi na zikizidiwa hupinda, na kilichopinda hunyookeka. Ukiwa mlimani na watoto, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Bebeni pia kipande cha bomba dogo la alumini chenye upana wa kuvikwa juu ya ufito uliovunjika, na utepe wa kunata. Ni gramu chache tu.

Uzito ndio uliotaka kunivunja. Siku tuliporudi kutoka Taita nilienda na lile hema hadi kwa muuza viazi wa mtaani kwetu, nikamwomba aliweke kwenye mizani. Likiwa bado na unyevu lilifika kilo 8 na ushei. Akacheka, akaniuliza kama nauza. Nimekuwa nikilipandisha mlima mgongoni, pamoja na maji, pamoja na chakula, na baada ya saa mbili za kupanda pamoja na mtoto wa miaka sita aliyesema miguu imekwisha.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ya familia, ambayo si sawa na hesabu ya vijana wanaopanda peke yao. Kijana hupima hema kwa nguvu zake alipoanza safari. Mzazi anapaswa kulipima kwa nguvu zitakazobaki baada ya kupokea shanta la mtoto, na pengine mtoto mwenyewe. Mtoto ninampa mzigo usiozidi kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani sweta lake, chupa ya maji na kichezeo kimoja, basi. Mtu mzima asiyezoea asipite sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ukiwa na kilo 70 hiyo ni 14, na maji ya familia peke yake yatakula nne au tano. Hema lenye nguo mbili na fito za alumini, la kutosha wazazi na watoto wawili, linapatikana likiwa na kilo 3 au 4. Mkiligawa, baba kifuniko na vigingi, mama hema la ndani, mkubwa wa watoto fito, hakuna anayelihisi. Si lazima hema likae kwenye mfuko wake mmoja. Mimi sikuyajua hayo.

Angalieni pia ujanja wa namba. Watengenezaji wengine huandika uzito wa aina mbili: ule wa njiani, ambao ni kitambaa na fito tu, na ule wa vyote pamoja na vigingi, kamba na mifuko. Mkubwa ndio wa kweli. Na ile "watu 4" hupimwa kwa kuwapanga watu bega kwa bega kama mbao za mtumbwi, kila mmoja nusu mita na kidogo. Hema la wanne ni la wazazi wawili na watoto wawili wadogo, mifuko ikae nje chini ya kifuniko. Sisi watano sasa tunatumia mahema mawili madogo, mama na mabinti, mimi na kitinda mimba. Milimani ni vigumu kupata kiwanja kikubwa kilicho sawa, lakini viwili vidogo havikosekani. Tena hema dogo na fupi upepo haulisumbui sana, na likiharibika moja usiku, wote mnajazana kwenye la pili.

Kuhusu bei, sitawadanganya, mahema mepesi mapya ni ghali. Rahisi huvunja upishi, lakini ghali nayo huvunja karo ya shule. Njia yetu ilikuwa mtumba. Pale Kongowea, ukiwa na subira na ukiwaachia neno wenye marobota, mahema hutokea, na mengine ni mazuri kuliko yoyote niliyoyaona dukani. Ila mtumba wa hema si kama mtumba wa suruali. Kwanza linuse. Kitambaa cha hema hupakwa tabaka jembamba la kuzuia maji, na tabaka hilo likikaa miaka kwenye unyevu huoza: hunata mkononi na kutoa harufu ya maziwa yaliyochacha. Likifikia hapo halitengenezeki, achana nalo hata likiuzwa mia tano. Kisha lishike juu lielekee jua uangalie matundu. Matundu madogo mawili matatu ni ya kuziba, mwanga unaopenya kitambaa chote kama chujio ni wa kukimbia. Fungua na kufunga kila zipu mara tano, bila haraka. Zipu inayofunga huku inaachia nyuma, mara nyingi ni kile kichwa kimelegea, fundi hukibana kidogo kwa koleo ikawa sawa. Mwisho hesabu fito na uziunganishe hapo hapo, hata muuzaji akinuna. Mimi nilinunua moja kwa furaha kubwa, nikafika nyumbani nikakuta lina ufito mmoja badala ya miwili. Nilirudi mara tatu kuutafuta kwenye lile robota. Mara ya tatu ukapatikana, umefungiwa pazia.

Tuje kwenye kulipiga. Hema lipigwe nyumbani kwanza, uani au kwenye sakafu ya juu ya jengo, mara mbili. Mara ya pili gizani, kwa tochi, watoto wakisaidia. Halafu mwagia maji ndoo mbili, ingia ndani utazame. Majirani watasema. Waache waseme. Kila kosa nililolifanya Taita ningeligundua uani kwetu kwa ndoo mbili za maji.

Mlimani, fikeni mahali pa kulala kabla ya saa kumi jioni. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na ukungu hutangulia. Kabla ya kushusha mizigo, tazameni juu: tawi kavu likianguka usiku halichagui. Tazameni chini: njia ya siafu, shimo la panya, kinyesi cha ndovu. Shimba Hills na Tsavo ni kwao, na mahali pa kulala ni pale tu palipotengwa, baada ya kuwauliza maaskari wa KWS. Tazameni ardhi ilivyolala. Bonde dogo lililo laini na tambarare linavutia sana, lakini ulaini ule umeletwa na maji, nayo yatarudi. Mkondo mkavu wa mto, hata uwe umekauka miezi, si mahali pa kulala: mvua inaweza kunyesha mbali juu ambako hamuioni. Chagueni sehemu iliyoinuka kidogo, yenye mteremko mdogo sana, mkalale vichwa vikiwa upande wa juu.

Kabla ya kulitandaza hema, jilaze wewe mwenyewe pale chini. Mgongo utakwambia lilipo jiwe ambalo jicho halikuliona.

Chini ya sakafu tandikeni turubai au nailoni nzito, lakini hapa kuna mtego ulioninasa. Mimi nilitandika kubwa, nikajisifu kwamba imezidi pande zote. Mvua ilipokuja, ile iliyozidi ilikinga maji kama karai na kuyaingiza yote chini yetu. Turubai iwe ndogo kuliko sakafu ya hema, ipungue kiganja kimoja kila upande.

Hema lina mgongo na lina uso. Mgongo, yaani upande mfupi usio na mlango, ndio unaokabidhiwa upepo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa upepo: miezi ya kusi unatoka kusini, miezi ya kaskazi unatoka kaskazini mashariki. Ila milimani mabonde huugeuza, kwa hivyo tupeni majani makavu hewani muone yanakokwenda. Upepo ukiwa mkali, kigingi cha kwanza kipigwe upande unakotoka kabla hema halijainuliwa, la sivyo mtalifukuza kama tiara.

Kigingi hakipigwi wima. Kilazeni kidogo, kichwa kikielekea mbali na hema na ncha ikielekea kwenye hema, kiasi kwamba kamba na kigingi vinakutana kwa pembe mraba au karibu yake. Kikisimama wima au kikiinamia hema, kamba inakichomoa kama msumari kwenye mbao bovu. Penye mwamba pasipoingia kigingi, fungeni kamba kwenye jiwe kubwa au mizizi. Na kwa wale mtakaobaki ufuoni, kigingi cha kawaida mchangani ni bure: jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba, uzikeni kina cha mkono mmoja. Msisahau kuuliza bamvua lini, maji yakijaa hufika pale ambapo juzi palikuwa pakavu. Chini ya mnazi sidhani kama kuna mpwani wa kuambiwa.

Kamba za pembeni, zile ambazo wengi huziacha kwenye mfuko kwa sababu hema linasimama bila hizo, ndizo zinazotenganisha nguo ya nje na ya ndani. Zikiwa zimelegea, kifuniko kinashuka na kugusa neti, na pale kinapogusa ndipo maji yanapopita. Nailoni ikilowa hutanuka, kwa hivyo hema lililokazwa saa kumi na moja litakuwa limelegea saa mbili usiku. Zunguka ulikaze tena kabla ya kulala. Poliesta hailegei sana, ndiyo sifa yake, ingawa kwa nguvu zile zile huwa nzito kidogo. Na matundu ya hewa ya juu yaacheni wazi hata kukiwa baridi. Najua mkono unataka kuyafunga. Ukiyafunga mtalowana kwa pumzi.

Ndani, jambo kubwa ni kilicho chini yenu. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, na blanketi unalolilalia limebanwa, halina kazi tena. Mkeka wa sponji usionyonya maji kwa kila mtu, hata ule mwembamba wa mazoezi, una thamani kuliko blanketi la tatu. Kila mtoto awe na nguo moja kavu na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ambazo hazifunguliwi mpaka wakati wa kulala, hata akilia. Akitetemeka, mvue zilizolowa kwanza, umkaushe, umvike kavu, umweke katikati ya watu wawili, umpe kinywaji cha moto chenye sukari kilichochemshiwa nje. Hilo ndilo nililopaswa kulifanya usiku ule wa Vuria. Na akiacha kutetemeka bila kupata joto, akaanza kulegea au kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje kuche, shukeni mtafute msaada.

Limebaki la kurudi nyumbani, na hapa sisi tuna adui ambaye wa Nairobi hamjui. Unyevu wa Mombasa. Hema likirudishwa mfukoni likiwa na umande kidogo tu, joto letu litalikuza ukungu kwa siku mbili, na lile tabaka la kuzuia maji litaanza safari yake ya kuelekea maziwa ya kuchacha. Anikeni kivulini, si juani, kwa sababu jua kali huozesha nailoni polepole. Likiwa limetoka ufuoni lisuuzeni kwa maji baridi litoke chumvi na mchanga, hasa kwenye zipu. Msilifue kwa sabuni ya unga wala kulitia kwenye mashine. Likishakauka kabisa, msilibane kwenye mfuko wake wa safari. Liwekeni limelegea kwenye foronya au mfuko wa kitambaa, juu kabatini panapopita hewa.

La kwetu, kwa kukosa kabati, linaning'inia nyuma ya mlango wa sebuleni, na mama watoto ameshaniuliza mara mbili kama tumefungua duka. Nimemwambia avumilie hadi Agosti. Mwaka huu tunakwenda Kasigau, tutapandia upande wa Rukanga, na kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka minane, amekwisha kusema fito atazibeba yeye. Jiko linabaki Mombasa.